Ukichomwa na sindano ya jalalani, usikamue kidole

Ndugu Mhariri,

Wazoa taka wa jiji hili, kuanzia Manzese hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, hukutana na sindano ndani ya mifuko ya rambo. Akichomwa, mtu hukamua kidole na kukimwagia Jik. Acheni: kukamua hakutoi virusi, na Jik inaunguza nyama. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

Dawa za kinga ya VVU, yaani PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28. Kichefuchefu kikizidi mwone mhudumu, usikatize dozi.

Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa. Damu ikishakauka, hatari hupungua zaidi. Homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100, lakini ni nadra mtu kuiulizia! Chanjo yake ipo, hata baada ya kuchomwa.

Kipimo cha VVU cha siku ya kwanza huonyesha hali uliyokuwa nayo kabla ya sindano. Rudia wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kupima kila Jumatatu kunaongeza kiwewe tu. Katikati hapo tumia kondomu, usichangie damu.

Nanyi mnaojidunga insulini nyumbani, tieni sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki. Ikifika robo tatu, fungeni mpeleke kituo cha afya.

Wahudumu wa afya,
Dar es Salaam