Barua kwa Rehema kuhusu Leonard Cheshire

Nairobi, Jumapili

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na mtoto amepona, kesho anarudi shule.

Umeniuliza inakuwaje nyumba ya wasichana wenye ulemavu pale Limuru ikapewa jina la rubani wa ndege za mabomu. Swali lako ni la haki, na nimelifikiria wiki nzima.

Leonard Cheshire alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1917, aliyesoma sheria Oxford kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati ule rubani wa mabomu alipangiwa safari 30 kisha apumzike, na wengi walikufa kabla ya kuzimaliza. Yeye alifikisha 100. Alipotunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1944, alitunukiwa kwa miaka minne mizima ya ushujaa, jambo la nadra sana kwa nishani ile. Na mabomu yaliua watu, Rehema, wakiwemo wasio na hatia. Hilo silifuti.

Lakini nikusimulie usiku wa tarehe 8 Februari 1944. Mjini Limoges, Ufaransa, kulikuwa na kiwanda cha Gnome et Rhône kilichowatengenezea Wajerumani injini za ndege. Zamu ya usiku ilijaa wanawake wa Kifaransa, mamia yao. Cheshire alikuwa anaongoza kikosi cha 617, ndege 12 aina ya Lancaster. Alipofika alishuka chini kabisa, akapita juu ya paa kwa kishindo, asiangushe kitu. Akazunguka, akapita tena. Akarudi mara ya tatu. Wale kinamama wakaelewa, wakatoka mbio kwenda kujificha. Mara ya nne ndipo akaangusha alama za moto katikati ya kiwanda, na wenzake waliokuwa juu wakalenga palepale. Hebu fikiria dude lile la injini nne likizunguka gizani karibu na mapaa, na ndani yake vijana wanaomtegemea yeye warudi kwao salama. Angeweza kupiga mara moja akaondoka, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa ndani ya ndege ya Wamarekani, ametumwa na Uingereza kushuhudia bomu la atomiki likiangushwa Nagasaki, Japani. Akaliona lile wingu kwa mbali. Mwaka uliofuata akaacha jeshi.

Mwaka 1948 akaletewa habari za Arthur Dykes, mtu aliyewahi kufanya naye kazi, anayekufa kwa saratani na hospitali haina la kumfanyia tena. Cheshire alikuwa na jumba kubwa Hampshire, Le Court, na madeni juu yake. Uuguzi hakuwa ameusomea. Akamchukua, akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe mpaka Dykes akafariki. Wagonjwa wengine wakafuata, na kutokana na jumba lile zikazaliwa nyumba katika nchi nyingi, Limuru ikiwemo, na Katalemwa kule Kampala. Yeye mwenyewe alifariki 1992, baada ya ugonjwa wa neva kumlegeza misuli ya mwili.

Mimi nikimpima mtu huyu, nishani naziweka kando. Naanza na zile mara tatu alizopita bila kuangusha kitu, kisha naenda kitandani kwa Dykes. Naona ni moyo uleule.

Kama bado hukubaliani nami, niandikie bila kunionea haya. Mpe mama shikamoo zangu.

Wako,
Zawadi