Nyundo na kamba Rwenzori

Kasese

Mpendwa Asiimwe,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Umeuliza kama kazi ya jiolojia na kupanda milima vinaweza kwenda pamoja. Vinaenda, mradi swali lako la kazi liwe ndilo linalokupandisha.

Elgon na Muhavura ni volkano. Milima ya Rwenzori siyo: ni miamba mikongwe, hasa naisi, shisti na amfiboliti (miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo), iliyoinuliwa kando ya Bonde la Ufa hadi kilele cha Margherita, mita 5,109. Kwa hiyo kimo chenyewe ni data. Ukichukua naisi kila baada ya mita 250 hivi za kimo, chembe za apatiti, madini yaliyomo ndani yake, hukuonyesha mwamba ulipoa lini ulipokuwa ukikaribia uso wa dunia. Mawe ya bondeni pekee hayatoshi kwa hilo. Anayejua kamba na barafu hufika wasikofika wenzake.

Kila sampuli ya apatiti itakula kilo 3 hadi 5 za mwamba, basi kodi mpagazi wa mawe tangu Nyakalengija, safari inakoanzia. Usimwongezee mtu mzigo njiani. Njia ya mzunguko hupanda kwa bonde la Bujuku na kushuka kwa maziwa ya Kitandara. Hutarudi ulikopita, kwa hiyo mawe ya Bujuku yachukue wakati wa kupanda. Juu ya Elena, kambi ya mwisho kabla ya kilele, fanya kinyume: ukipanda, tazama na uandike tu. Nyundo itoe ukishuka, na tu kama mawingu hayajafunga na umeshatoka kwenye barafu. Kamwe usigonge jiwe karibu na kamba, na vaa miwani ya kukinga macho.

Vunja mpaka ufike kwenye mwamba mbichi, maana kuvu na ukoko wa kahawia huharibu vipimo. Kalamu ya wino haishiki kwenye jiwe lenye maji. Andika namba kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa, uitie mfukoni pamoja na jiwe, kisha namba hiyo hiyo iwe nje ya mfuko. Ukisoma dira, weka nyundo na shoka la barafu mbali nawe, la sivyo sindano itavutwa na mwinamo wa tabaka za miamba utauandika kwa mwelekeo wa uongo. Kipima kimo cha hewa hupotoka hali ya hewa ikibadilika. Kirekebishe kila kambini.

Kutoka kambi ya Bujuku hadi Elena ni karibu mita 600 za kimo. Kichwa kikiuma Bujuku, lala hapo usiku mwingine. Mtu akianza kuyumba, au kuhema akiwa amekaa, ashushwe saa hiyo hiyo, hata usiku, na mawe yaachwe.

Kibali cha kupanda si kibali cha kuchukua mawe. Omba cha utafiti kwa UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) na kwa UWA (mamlaka ya wanyamapori) mapema, na idadi ya sampuli iandikwe waziwazi. Nitumie ramani ya vituo vyako vya kuchukua sampuli kabla hujaomba, niipitie.

Wako,
Baluku