Ami, kuhusu zile tarehe mbili

Leicester, Uingereza

Ami yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na Bi Mkubwa na wote hapo Tanga. Huku tu wazima, Alhamdulillah. Wifi ameanza kula kidogo kidogo.

Uliniuliza kwa nini cheti cha kifo cha kaka kimeandikwa Jumanne na sisi tuliwatangazia msiba Alhamisi. Nimeona niandike, maana kwenye simu kila mtu anamkata mwenziwe, na kwenye kundi la familia yameshasemwa mengi. Imesemwa hata kwamba kaka tulimzima kama feni, na kwamba mimi ndiye niliyetia saini. Sikutia saini, Ami. Wala wifi hakutia. Karatasi ya namna hiyo hatukuletewa, kwa sababu nchi hii ndugu haombwi idhini ya kumtamka mtu kuwa amefariki. Hilo ni la madaktari. Watakueleza, watakujibu maswali hata uyarudie, watamngoja aliye safarini, ila uamuzi hawakutwishi. Nikikwambia kweli, nilishukuru.

Kilichotokea ni hiki. Mshipa ulipasuka kichwani, ubongo ukavimba, na fuvu la mtu halitanuki, kwa hiyo damu ikashindwa kupanda. Alipofikishwa hospitali hakuwa akipumua mwenyewe. Mashine ndiyo iliyokuwa inampulizia. Moyo ukaendelea, kwa kuwa moyo una umeme wake na maadamu unapata hewa hupiga bila kungoja amri ya ubongo. Pumzi haiko hivyo. Pumzi huamrishwa na shina la ubongo, huku nyuma juu ya shingo, na la kaka lilikuwa limekufa. Ndiyo maana Mjomba alipomtazama kwa video akasema, "Mbona mzima huyu!" Simlaumu. Kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, ukimshika mkono unahisi mapigo. Mimi mwenyewe nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maiti nimeziona, na bado macho yangu yalikuwa yanakataa.

Wengi wananitajia yule jirani wa Ngamiani aliyelala bila fahamu muda mrefu kisha akaamka. Yule alikuwa akipumua mwenyewe, Ami, na akiguswa jicho anapepesa. Shina la ubongo wake lilikuwa hai. Hayo ni maradhi mengine kabisa, na watu wakiyachanganya ndipo wanapotuona wauaji.

Madaktari hawakukisia. Kwanza walihakikisha hana dawa ya usingizi mwilini, mwili haukuingiwa na baridi, na chumvi za damu yake ziko sawa, kwani hayo yanaweza kumfanya mtu aonekane amekufa na kumbe bado. Kisha wakaja wawili, wote wenye zaidi ya miaka mitano tangu wasajiliwe, mmoja wao bingwa. Wakamulika mboni. Wakagusa jicho. Wakambonyeza juu ya nyusi mahali panapouma. Wakamtia maji ya barafu masikioni, kwa sababu ubongo ulio hai ukipata baridi ile macho huzunguka. Wakapitisha mrija kooni waone kama atakohoa. Cha mwisho, wifi aliomba awepo, na mimi nikasimama naye. Wanampa oksijeni ya kutosha, kisha wanaitenga mashine na kuacha hewa chafu ijikusanye kwenye damu. Hewa hiyo ndiyo inayomlazimisha mtu avute pumzi hata kama hataki. Bana pumzi yako utaona. Walingoja dakika tano. Wifi alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini, macho yake kwenye kifua cha mumewe. Hakikuinuka.

Walirudia vipimo vyote mara ya pili. Kwa sheria za huku, saa ya kufariki ni ile ya vipimo vya kwanza kukamilika, nayo ilikuwa Jumanne mchana.

Usiku ule kidole chake kilicheza na mama yake wifi akapiga takbiri ukumbi mzima ukageuka. Daktari akatuambia uti wa mgongo unaweza kuchezesha kiungo peke yake bila ubongo. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, Ami, na sitaki kupasimulia zaidi.

Tukamngoja kaka mdogo atoke Muscat. Alipofika akamuaga, mashine ikaondolewa Alhamisi, na moyo ukasimama muda mfupi baadaye. Binamu yetu wa New Jersey alipiga simu akasema kwao, kwa sheria ya 1991, mtu ambaye dini yake haikubali kifo cha ubongo hahesabiwi amekufa mpaka moyo usimame, basi tudai hivyo. Hapa hakuna ruhusa hiyo; familia ikishikilia, hospitali huenda mahakamani. Na sisi tulikuwa tunadai nini hasa?

Imamu wetu alitusaidia kuliko binamu. Alisema vitabu vya zamani havikulikuta jambo hili, kwa sababu kabla ya mashine pumzi, moyo na ubongo vilikuwa vinafuatana kwa dakika chache tu. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la sheria za Kiislamu, walipokutana Amman mwaka 1986 walisema ubongo ukifa wote bila kurejea, mtu amekufa na hukumu zote za kifo zinamhusu. Mwaka uliofuata wale wa baraza la Makka wakasema mashine inaweza kuondolewa, lakini hukumu za kifo zingoje moyo na pumzi visimame. Kwa hiyo kuondoa mashine, pande zote mbili zimeruhusu. Wanachopishana ni tarehe, na ndilo swali lako.

Kuhusu viungo, waliuliza. Tangu Mei 2020 sheria ya Uingereza humhesabu mtu mzima kuwa amekubali kutoa asiposema hapana, ila familia husikilizwa. Kaka hakuwahi kutamka lolote, na mama yake wifi alikuwa analia, tukakataa. Mimi nafsi yangu sioni haramu. Masheikh wa hapa wameruhusu tangu 1995. Lakini haikuwa siku ya kubishana.

Sasa mambo ya huko. Katika muhtasari wa kikao cha ukoo utakaopelekwa Mahakama ya Mwanzo, andikeni Jumanne kama cheti kinavyosema, karani asije akawarudisha. Mirathi haibadiliki, kwani hakuna mrithi aliyefariki kati ya siku hizo mbili. Eda wifi anaihesabu kuanzia Alhamisi, miezi minne na siku kumi, kwa kauli ya Makka, kwa tahadhari. Siku mbili za ziada hazimdhuru. Ukipata nafasi muulize Sheikh wa msikiti wetu kama anaona vingine, na jibu lake umpigie wifi mwenyewe, usilitume kwenye kundi.

Cheti halisi atakuja nacho kaka mdogo akipita huko. Nisalimie wote.

Wasalaam,
Mwanao