Mwalimu wa Denmark na mjomba wako

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Flashi uliyoniachia nimeimaliza. Nimezitazama zote isipokuwa ile ya mizimu ya Wakorea, hiyo nimemwachia dada yako mwenye moyo wa hayo mambo. Baba yako hajambo, mguu umepungua uvimbe. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko Dar unakula.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia mama anataja pombe, ghafla mtandao unasumbua.

Uliniandikia hivi, ujumbe bado ninao: "Mama, tazama ile ya Denmark, utaona kidogo tu inavyomchangamsha mtu." Nimeitazama hiyo Another Round. Mara mbili. Nikiri kwanza kwamba ni filamu nzuri, na huyo Mads Mikkelsen ana uso unaosema bila mdomo kufunguka. Hao walimu wanne wa sekondari, wamechoka na kazi, wamechoka na ndoa, wanaamua kujaribu wazo kwamba binadamu amezaliwa na upungufu wa pombe kwenye damu, asilimia 0.05, na kwamba akiujazia atakuwa mtu timamu zaidi. Mwalimu wa historia aliyekuwa anasinzisha darasa anageuka moto. Najua ulisisimka hapo. Hata mimi nilicheka.

Lakini mimi muuguzi nimekaa wodi ya wanaume miaka 22, mkono ukatafuta kalamu wenyewe. Mwanaume wa kilo 70, ili damu yake ifike hapo, anahitaji kama gramu 24 za pombe tupu. Chupa ya bia ya nusu lita, ile ya asilimia 5, ina gramu kama 20. Chupa moja na mafunda kadhaa, sawa, kidogo. Ila hao walimu hawataki kufika tu, wanataka kubaki palepale mchana kutwa, na ini halikai likiwatazama. Linaondoa gramu kama 8 kwa saa, la mwingine 7, la mwingine 10. Kwa hiyo kila linachoondoa, wao wanarudisha. Wamejiwekea sheria ya kutokunywa baada ya saa mbili usiku. Piga hesabu tangu saa mbili asubuhi hadi hiyo saa mbili usiku: ni chupa sita za nusu lita. Kila siku ya kazi. Hiyo "kidogo" yako, baba, wodini tulikuwa tunaiandika kwenye faili kwa wino mwekundu.

Wewe ulisoma biolojia kuliko mimi, lakini nivumilie. Pombe haisubiri kusagwa kama ugali. Nyingine inapenya tumboni, nyingi inapenya kwenye utumbo mwembamba, ndiyo maana ukinywa hujala inakupanda haraka: tumbo tupu linaisukuma chini upesi. Ikishaingia kwenye damu inakwenda kila penye maji. Mwili wa mwanamke una maji pungufu, kwa hiyo dada yako akinywa chupa ileile na wewe mna kilo sawa, yeye damu yake itakuwa na pombe zaidi. Mwambie, maana mimi hanisikilizi.

Ini likiipata linaigeuza kwanza kuwa sumu kali kuliko pombe yenyewe, halafu ile sumu inageuzwa tena kuwa kitu kisicho na madhara. Hiyo hatua ya katikati ndiyo yenye kazi chafu. Inachangia kukuamsha kichwa kikigonga, na miaka ikienda ndiyo inayoharibu seli hadi tunafika kwenye saratani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu 1988, hata wewe hujazaliwa. Koo, mdomo, ini, utumbo mpana, matiti. Watu wanadhani ni ini peke yake.

Na hakuna cha kuliharakisha ini. Hapo naingia kwenye Flight, ile ya Denzel Washington, rubani mlevi, si mpya, ni ya 2012, lakini asante kwa kuiweka. Unakumbuka usiku wa kuamkia kikao cha kumhoji kuhusu ajali ya ndege? Friji dogo la hoteli, kile kichupa ameshakiweka juu, anageuka anaondoka, unashusha pumzi. Halafu mkono unarudi na kukinyakua. Sijawahi kuona filamu iliyoonyesha ulevi kwa ukweli kama huo mkono. Asubuhi wanampa kokeini ili asimame mbele ya watu. Anasimama kweli. Pombe iko palepale, haikupungua hata tone, alichopata ni kuwa mlevi aliye macho. Kahawa nayo ni hivyohivyo, na maji ya baridi, na supu ya kongoro. Supu nzuri, inarudisha chumvi na maji uliyokojoa, lakini saa haisongi. Mtu aliyeanza kunywa saa mbili usiku akamaliza chupa tano, mpaka saa mbili na nusu asubuhi ini bado linahesabu. Na huyo ndiye kijana anayepanda bodaboda saa moja kwenda kazini, anasema amelala vizuri. Hata usingizi hakulala. Pombe inakuangusha haraka kisha inakuibia ndoto, na nusu ya pili ya usiku unageukageuka.

Sasa nikwambie lile ambalo filamu zinaliruka. Zinatuonyesha sherehe, halafu zinakata, tunaona asubuhi, mtu kashika kichwa, watu wanacheka. Sisi wauguzi tulikuwa tunalipwa kukaa kwenye sehemu iliyokatwa.

Tulipokea mtu aliyevunjika mguu, ajali ya pikipiki. Mpole, anashukuru kwa kila kitu. Siku ya pili anatoka jasho, mikono inatetemeka, tukadhani maumivu. Siku ya tatu usiku nampitia na tochi, namkuta ameketi anaokota kitu kwenye shuka, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, anaweka kiganjani. Akanyoosha mkono. "Sista, shika hawa siafu wasianguke." Kiganja kitupu. Nikakinga mkono wangu, nikapokea.

Mkewe alipokuja ndipo akasema ananywa kila siku, miaka kumi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Pombe kwenye ubongo inakanyaga breki na kuachia mafuta. Ukinywa kila siku ubongo unajirekebisha, unalegeza breki zake na kukanyaga mafuta zaidi ili mambo yalingane. Siku pombe ikikatika ghafla, mguu uko kwenye mafuta na breki hazipo. Ndipo mtetemeko, degedege, siafu. Mtu anaweza kufa hapo. Kwa hiyo ukiwa na rafiki anayekunywa kila asubuhi na akakwambia kesho anaacha, usimfungie chumbani umwombee. Mpeleke hospitali, na uwaambie wazi kwamba anakunywa, maana kuna vitamini B1 anayopaswa kupewa kabla hawajamtundikia dripu ya glukosi.

Mjomba wako.

Nilikwambia alikufa kwa ugonjwa wa ini, ukasema sawa Mama, ulikuwa darasa la sita. Unamkumbuka kwa kibanda umiza, alivyokuwa anakubeba mabegani kwenda kutazama sinema za kutafsiriwa, halafu mkirudi anakusimulia upya njia nzima kwa sauti ya mtafsiri, anamfanya Rambo azungumze kama mzee wa Kichaga anayedai mahari. Alikuwa akichekesha hivyo akiwa ameshapata kidogo. Nami nilikuwa nacheka, siwezi kusingizia.

Ini ni kiungo kisicho na kelele. Ndani yake halina mishipa ya kusikia maumivu, kwa hiyo linajaa mafuta bila kukuuma, na wakati huo ukiacha linajisafisha lenyewe baada ya wiki chache. Hakuacha. Likaanza kuvimba, likapata makovu, na kovu halifanyi kazi ya ini. Damu iliyokuwa inapita ikakosa njia. Ikajazana kwenye mishipa ya koo, maji yakajaa tumboni. Nilimpeleka hospitali niliyokuwa nafanya kazi mimi mwenyewe, wakamtoa maji kwa sindano, ndoo nzima, baada ya wiki mbili tumbo likawa lilelile.

Kuna kipimo tunafanya bila mashine. Unamwambia mgonjwa: nyoosha mikono mbele, kunja viganja juu, kama trafiki anayesimamisha gari. Daktari wa zamu akaniachia nimfanyie. Akanyoosha, anatabasamu, anadhani ni mchezo. Viganja vikaanza kuanguka na kujirudisha, kuanguka na kujirudisha, kama kuku anayejaribu kuruka. Ini lilikuwa limeshindwa kuchuja sumu ya utumbo, sasa inafika kichwani. Nikamshushia mikono, nikamfunika. Akaniita kwa jina la mama yetu. Siku ya nne alitapika damu, na hiyo sitaiandika.

Nimekaa nayo miaka yote hii kwa sababu sikutaka umkumbuke hivyo. Nikaona ujumbe wako kuhusu mwalimu wa Denmark, nikasema basi.

Turudi kwenye filamu. Hiyo ya wale mapacha wa Mississippi, Sinners, nusu ya kwanza ningeitazama tena kesho. Yule kijana anapopiga gitaa na ghafla chumba kinajaa wachezaji wa zamani na wa baadaye, mwili ulinisisimka. Wanyonya damu walipoingia nikaenda kugeuza maharage. Lakini umemwona mpiga piano mzee? Ni 1932, pombe bado marufuku Marekani, mapacha wamekuja nayo kutoka Chicago. Anaikataa kazi kwa maneno yote, anaonjeshwa bia ya Ireland, kwisha. Wewe ulicheka hapo, najua. Delroy Lindo anaigiza kama mtu anayewajua watu hao.

Ile ya Zanzibar, Vuta N'kuvute, ya kitabu cha Adam Shafi, imenilaza mara mbili. Mara ya tatu nikakaa. Ina rangi nzuri ajabu, lakini Amil Shivji anapenda kimya kuliko mimi. Kitabu kina maneno mengi na vichekesho, na mimi nilikitaka hicho. Usiifute lakini, baba yako anaitaka.

Na hiyo ya Denmark, mwisho wake ndio tusiokubaliana. Wewe unasema mwalimu anacheza pale bandarini na wanafunzi wakimimina shampeni, ina maana ameshinda. Mwenzao wa michezo wametoka kumzika. Yule aliyekwenda baharini na mbwa wake mzee akiwa amelewa. Wametoka makaburini na suti zile zile nyeusi. Mimi naona mtu anayecheza vizuri kupita kiasi, na sijui kama ninatazama furaha au kuanguka, maana mwisho kabisa anaruka na picha inagandia hewani. Vinterberg, mwongozaji, alimpoteza binti yake kwa ajali ya gari siku chache baada ya kuanza kupiga picha, mwaka 2019, na binti alitakiwa kuwemo. Filamu imewekwa wakfu kwake. Nilipolijua hilo nikaitazama mara ya pili, na ile dansi sikuiona tena kama sherehe.

Krismasi bibi atapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Ulezi ameshauotesha, na msesewe, yale magome machungu, anao. Utakaa na wazee, kata ikikufikia utapokea, sitajifanya sijaona, hata mimi nakunywa siku hiyo. Njoo na flashi kubwa zaidi.

Kitu kimoja unijibu, kwa maandishi, si kwa simu. Ulipokuja Pasaka, asubuhi ile ulipokuwa unanimiminia chai, iliingia nusu kwenye kisahani. Nilidhani hujalala kwa safari. Ilikuwa safari?

Mama yako