Mawakili nao wafike kwenye maafa

Mhariri,

Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang asubuhi ya Desemba 3, 2023, mji wa Katesh ulipata blanketi, unga na magodoro kwa haraka ya kupongezwa. Kilichochelewa ni mtu wa kutuandikia karatasi.

Shangazi yangu alifiwa na mume na nyumba ikaondoka na kila kitu. Benki ilitaka barua ya usimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ikataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ukoo wenyewe nusu wako hospitali na nusu kwa majirani. Cheti cha ndoa kilikuwa kwenye sanduku la bati. Sanduku tulilipata, limejaa matope hadi kwenye kitasa. Kwa kiapo cha ukurasa mmoja tukaombwa hela ambayo hatukuwa nayo. Wakili mmoja kijana, aliyekuja kumzika ndugu yake, ndiye aliyekigonga muhuri bure, akiandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017, na inawatambua hata wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Basi Chama cha Mawakili Tanganyika kiandae zamu: hema la maafa likisimikwa, meza moja iwe ya kwao, na mhuri uwepo. Wiki mbili tu zingetosha kumwokolea mjane miezi ya kuhangaika.

Msomaji wako,
Katesh, Manyara