Shukrani kwa mama wa stesheni ya Greensboro

Mama, jina lako sikuliuliza na wewe hukulitaja. Ulinikuta usiku pale stesheni ya treni Greensboro, North Carolina, nina masanduku mawili na simu imeisha chaji. Uliposikia naenda chuo kikuu cha A&T, ukacheka: "Mimi nilisoma palepale, mwanangu." Sanduku zito ukalibeba mwenyewe, nilikukataza, hukusikia.

Asante kwa lifti, ila zaidi kwa shuka. Nani angeniambia kwamba bwenini unakuta godoro tupu? Ulipitia dukani, ukaninunulia shuka, mto na blanketi la bluu, na hela yangu ukaikataa katakata.

Kesho yake ukarudi kunitembeza. Ukanisimamisha mbele ya sanamu ya wale vijana wanne weusi, Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond. Tarehe 1 Februari 1960 walitoka chuoni hapo wakaenda kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, ya wazungu watupu, wasiondoke mpaka duka likafungwa. "Walikuwa mwaka wa kwanza, kama wewe," ulisisitiza, kidole juu. Ukanieleza pia kwamba chuo kilianzishwa mwaka 1891, enzi ambazo weusi walifungiwa milango ya vyuo vya wazungu vya jimbo. Mimi nilichokuwa najua ni ada tu!

Kiswahili hukijui, lakini Watanzania wa huko watakufikishia. Mahafali yangu ni mwakani, Mungu akipenda. Tiketi yako ninayo.