Mhariri, lile bakuli la Singapore sio uchafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi mlitoa picha ya bakuli la chakula kutoka Singapore, chini mkaandika kwamba Wachina wanakula utumbo wa nguruwe na tambi za mchele, basi, hamna maelezo mengine, na tangu siku hiyo wasomaji wanaoandika maoni ni kinyaa kinyaa tu, mara uchafu, mara hawa watu hawachagui. Imeniuma. Mimi nimekaa kule miaka miwili nasoma na hicho chakula nimekila karibu kila Jumamosi, kwahiyo nimeona nikinyamaza ntakua siwatendei haki watu walionilisha.

Kwanza kina jina, kinaitwa kway chap. Ni chakula cha Wateochew, Wachina wa upande wa Chaozhou na Shantou kule kusini mwa China, ambao wengi walihamia Singapore karne ya 19 kufanya biashara na kazi za bandarini. Kway ndo hizo tambi, ingawa ukiziona kwa macho sio tambi kabisa, ni vipande vipana vya unga wa mchele, yani unakorogwa uji mwepesi, unamiminwa kwenye sinia, unapikwa kwa mvuke mpaka unashikana alafu unakatwa. Fikiria chapati za maji ila nyembamba mno na hazikaangwi. Ukizitia kwenye maji ya moto zinajikunja pembeni, zinateleza mdomoni hata hujatafuna. Chap ni mchuzi wake, mweusi mweusi lakini mwepesi, juu wanamwagia vitunguu vya kukaanga.

Sasa ule utumbo hauji ndani ya bakuli, unakuja kwenye sahani yake. Mnaenda watu watatu mnapewa kila mtu na bakuli lake la kway, alafu katikati sahani moja ya wote: utumbo mkubwa, utumbo mwembamba, ngozi, nyama ya tumboni ile yenye tabaka la mafuta na tabaka la nyama, mayai yaliyogeuka rangi ya kahawia, tofu, na mboga za majani zilizolowekwa chumvi. Pembeni kuna kibakuli cha pilipili ya siki na kitunguu saumu. Kila mtu anachovya anakula. Mtu wa kwetu aliyezoea kuzunguka sinia moja hawezi kujiona mgeni pale.

Vyote hivyo vimechemka taratibu kwenye sufuria moja la mchuzi wa soya mweusi, mdalasini, nyota ya anisi, kitunguu saumu, mzizi fulani wa jamii ya tangawizi ambao Wateochew hawauachi, na karafuu. Karafuu hii hii tunayoijua sisi ya Pemba. Siku ya kwanza napita kwenye kibanda nilichokuja kuwa nakula kila Jumamosi, nilisimama kwa ajili ya harufu, sikujua hata kinachouzwa ni nini.

Lakini neno lililonifanya niandike ni hilo la uchafu. Mhariri, mimi nimezaliwa Moshi, nyumbani akichinjwa mbuzi kazi ya utumbo ilikua ya bibi, na tulijua siku hiyo bibi haongei na mtu mpaka amalize. Sasa asubuhi moja nilikua na basi la mapema, saa kumi na moja alfajiri nikapita pale kibandani, vibanda vingine vyote giza, cha kwao taa inawaka. Yule mzee (kule mzee wa kibandani unamwita ankal na mama unamwita anti, hata kama humjui, kama sisi tu) amesimama kwenye karo, bomba linamwaga maji, ameshika kijiti kirefu chembamba anausukuma utumbo kwa ncha, unageuka ndani unakua nje kama soksi. Anabandua mafuta kwa vidole, kipande kwa kipande. Alafu chumvi ya mawe na unga, anasugua kwa viganja viwili kama anayefua kola ya shati, anasuuza, ananusa, anarudia tena. Ananusa kabisa, anaupeleka puani. Nilihesabu mara nne kabla basi halijafika na alikua bado hajaridhika. Baada ya hapo unachemshwa, yale maji yanamwagwa yote, ndo unaingia kwenye sufuria la viungo. Anti wa kibanda hicho akanambia wanaanza saa tisa usiku kila siku, na kwamba ukikosea kuosha mara moja tu mteja haji tena maisha yake yote. Vidole vya yule mzee vilikua vimekunjamana kwa maji kama vya bibi yangu.

Huyo ndo mtu mliyemwita mchafu. Utumbo usipooshwa vizuri huwezi kuuficha, sio kama nyama ya kuchoma unaweka limao na pilipili mambo yanaisha, utumbo unajisema wenyewe ukifika mezani.

Na isitoshe hao watu hawauzi vichochoroni. Zamani ndio, walikua barabarani na mikokoteni, maji ya ndoo, mifereji imeziba. Mwaka 1968 na 1969 serikali yao ikawaandikisha wachuuzi wa barabarani, walikua kama 18,000, alafu kuanzia 1971 ikajenga masoko ya chakula yenye bomba, mifereji, umeme na paa, ikawahamishia huko kidogo kidogo mpaka 1986. Vibanda viko katikati ya maghorofa watu wanakoishi, sio nje ya mji ambako mteja hafiki, na hapo nadhani wakubwa wetu wanaoitaja Singapore kila tukizungumzia wamachinga wangepaangalia vizuri. Saivi masoko hayo yako zaidi ya 110, na Desemba 2020 UNESCO iliuingiza huo utamaduni wao wa kula sokoni kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Wasomaji Waislamu wanielewe, sisemi mtu ale alichokatazwa na dini yake, hilo halina mjadala. Hata kule kuna Wamalay na Waislamu wengine, wanakaa ukumbi huo huo na vibanda vyao vya halali, sinia zao mbali na pa kurudishia vyombo mbali, na sikuwahi kusikia Mmalay anamtukania Mteochew bakuli lake. Asiyekula anapita zake.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hiki chakula kinaondoka. Wachuuzi wengi wamefika miaka sitini au wameipita, watoto wamesoma wako maofisini, na nani atakubali kuamka saa nane usiku ageuze utumbo kwa kijiti wakati sahani anaiuza dola tano au sita za kule? Akiongeza senti hamsini watu wananung'unika, na hao hao wakienda mall wanalipa zaidi ya hapo kwa kikombe cha kahawa wala hawaulizi. Wanalipia viti na kiyoyozi, yale masaa ya kwenye karo hakuna anayeyalipia. Nilimuuliza anti nani atashika sufuria baada yao, akaangalia pembeni akasema kijana wao yuko benki, akaniongezea kipande cha ngozi nisichokilipia.

Bangkok, mtaa wa Yaowarat, nako Wateochew walifika na kuna ndugu yake wa hiki chakula, kway yake inajikunja kama kibomba na supu ina pilipili manga mpaka pua inachuruzika, nilipita wiki moja nikaipenda. Lakini haikua ile ya Jumamosi.

Mwaka jana rafiki niliyesoma naye akanitumia picha, kibanda kimefungwa, karatasi imebandikwa kuwashukuru wateja. Sijui walikoenda.

Kwahiyo Mhariri ninachoomba ni kidogo tu. Ile picha mnayo bado. Irudieni, chini yake muandike jina, kway chap, chakula cha Wateochew wa Singapore, na kama nafasi inatosha muongeze mstari mmoja kwamba anayekipika ameanza kuosha saa tisa usiku.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Moshi